Wali wa Aliyepona

Walimtoa Zau Tang mtoni wamemshika makwapa, midomo imemgeuka buluu, na mama yake, Roi Ra, akamfunika blanketi. Kijana akapiga ukelele.

"Litoe, mama! Linaunguza!"

Lilikuwa blanketi kuukuu la pamba, lililolainika kwa kufuliwa. Wanaume wa doria ya kanisa, wanaokamata mateja na kuwatibu kwa maji ya baridi na maombi, walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu.

"Mwoneni mwana wa mfalme! Sindano ilikuwa haimuumi, leo blanketi linamuuma."

Wakamrudisha kambini, kwenye banda la mianzi, na kumtia mguu katika gogo lenye matundu, pamoja na wenzake, ili waanze nyimbo za asubuhi.

Roi Ra alibaki na blanketi mkononi. Yeye ndiye aliyewaita wanaume wale. Hakushurutishwa na mtu. Alikwenda kwa miguu yake akawaambia mwanangu amejificha nyuma ya banda la nguruwe, njooni. Akina mama wengi wa kilima kile walikuwa wamefanya hivyo hivyo. Wangebisha mlango gani mwingine? Polisi na wauza unga walikuwa wakila sahani moja.

Unga wenyewe ulianzia mgodini, kunakochimbwa mawe ya kijani ya thamani. Kifusi kilimwangukia Zau Tang kiunoni, na msimamizi, badala ya kumpeleka kwa daktari, alimpa kipakiti akamwambia kesho awahi kazini. Aliwahi. Mwanzoni maumivu yalitulia kabisa. Baadaye yakahama kiuno, yakaenea mwili mzima hadi kwenye ngozi ya kichwa, na kadiri alivyojidunga ndivyo yalivyozidi. Roi Ra alidhani ni uongo. Teja ana ukweli gani?

Seng Pan ndiye aliyemfumbua macho. Alikuwa muuguzi aliyekuja kambini kusafisha vidonda vya miguu, na siku hiyo walikuwa wamechuchumaa jikoni wakichambua mchele.

"Hadanganyi, shangazi. Unga ukishazoea kuingia, chembe za ubongo zinaelemewa. Sasa humo ndani kuna chembe nyingine, ndizo walinzi. Zikiona wenzao wanahangaika, zinadhani adui kaingia, zinaanza vita. Ubongo unapata uvimbe, na njia zote za maumivu zinakuwa kama kidonda kibichi. Hata unyoya ukimgusa, anaungua."

"Na maji ya mto?"

"Yanamlowesha tu."

"Basi dawa ni nini?"

"Methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga. Kliniki ya mjini wanatoa, anakunywa mbele yao, wanampunguzia taratibu. Lakini nisikilize, shangazi. Hapa amekaa bila unga, mwili umeshasahau. Akirudia kipimo chake cha zamani hata mara moja, anakufa. Siku akitoka, mshike mkono mpaka kliniki. Hata akitaka kukojoa, nenda naye."

Roi Ra alimkuta Mzee La Doi, mkuu wa kambi, akiyatazama mabati mapya ya kanisa.

"Mzee, naomba mwanangu aende kliniki."

"Akanywe nini?"

"Methadoni."

Mzee alicheka kwa upole, vile mtu anavyomcheka mtoto. "Mama Zau, shetani akibadili shati anakuwa malaika?"

"Muuguzi anasema ubongo wake umewaka moto."

"Inayowaka ni dhambi, dada yangu. Wewe ulituita mwenyewe, leo unataka kutufundisha kazi? Atatoka siku ya shukrani, akishatoa ushuhuda. Mwenye mgodi anakuja, na haya mabati ni yake. Unataka asikute hata mmoja aliyepona?"

Siku ya shukrani Zau Tang alisimama mbele ya watu na shati jipya. Wimbo alioimba tangu utotoni ulimpotea ubeti wa pili. Akatazama dari, machozi yakamtoka, watu wakapiga makofi wakidhani ni furaha.

"Nimepona," alisema.

Mwenye mgodi alimkumbatia, picha zikapigwa, akamtumbukizia noti mfukoni. Roi Ra alimwona mwanawe akiuma meno mkono ule ulipomgusa mgongo.

Gari la mjini lilikuwa tayari barabarani, na Roi Ra alikwishafunga furushi lao. Lakini kambi ilikuwa na desturi yake: mama wa aliyepona ndiye anayewagawia wageni wali uliofungwa kwenye majani, kwa mkono wake, na haondoki mpaka wa mwisho apate.

"Mzee, nimpeleke kwanza. Nitarudi kugawa."

"Utuaibishe mbele ya mtu aliyetuezekea kanisa? Atakungoja. Si amepona?"

Akagawa. Roho haikumtulia, na kila alipoinua macho alimtafuta Zau Tang, akamwona pale getini. Kisha mwenye mgodi akaomba jani la pili, akasifu mapishi, akauliza nani amepika. Roi Ra alijibu kwa adabu. Alipotazama tena, getini hapakuwa na mtu.

Alikimbia wali ukiwa umemganda vidoleni. Kibanda cha unga kilikuwa mahali pake pa siku zote, chini kidogo ya kituo cha askari. Zau Tang alikuwa amelala nyuma yake, shati halina hata vumbi, mdomo umerudi ile buluu ya mtoni.

"Nimempa kile kile chake cha zamani, mama," muuzaji alisema, akionekana kusikitika kweli. "Sikumzidishia."

Baada ya mazishi kambi ilitundika bango getini: sura kubwa ya Zau Tang, na chini yake neno AMEPONA. Roi Ra aliomba litolewe.

"Siku ile alikuwa amepona, dada," Mzee La Doi alisema. "Picha haidanganyi."

Roi Ra alikuwa bado amesimama pale wakati mwanamke mmoja alipopanda kilima, viatu mkononi, kakaukwa na machozi. Mwanamke yule aliitazama picha muda mrefu, uso ukaanza kumchangamka.

"Dada, samahani," alisema. "Wa kwangu yuko nyumbani sasa hivi, amelala. Hao wanaume wa doria nawapata wapi?"

Roi Ra alifungua kinywa. Lakini Mzee La Doi alikuwa tayari anakuja, amenyoosha mikono yote miwili kumpokea mgeni.