Mtopetope wa Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na mtopetope mmoja nyuma ya nyumba, na mti huo ulikuwa umemtia aibu miaka mitano mfululizo. Unachanua, unapukutisha, basi. Mkewe alipataka mahali pale pa kuanikia nguo, na safari hii alisema bila kupepesa macho: msimu huu usipozaa, unakatwa. Fundi alikubali, kisha akaenda kujifungia chooni nusu saa nzima. Mti ule aliuotesha mwenyewe kwa mbegu, wiki aliyofunga kibanda chake cha saa, na tangu hapo ndiyo kazi pekee iliyombakia.

Bwana shamba alipopita, alimfunulia siri. Ua la mtopetope huanza likiwa jike. Likishapanuka kabisa, linageuka dume, na wadudu wa kulihudumia ni wachache. Basi jioni uchukue unga wa ua lililopanuka, na asubuhi uupake ndani ya lile linaloanza tu kufunguka.

"Tumia brashi ndogo," akasema bwana shamba. "Na mkono uwe mwepesi."

Mkono mwepesi! Aambiwe fundi saa! Akatoa brashi yake ya kusafishia mashine za saa, akabana lenzi jichoni, na kila alfajiri akawa anauzunguka mti kwa kunyata, kaptula na kandambili, akinong'oneza maua yatulie. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza ua lile linachelewa dakika ngapi. Fundi hakumjibu, maana alikuwa amebana pumzi.

Maua yote aliyoyahudumia yalianguka. Lakini asubuhi moja, kwenye tawi la chini karibu na karo la kufulia, akakuta tunda la ukubwa wa gololi. Nusura aangue kilio. Lilipofika ukubwa wa ngumi, akamwita bwana shamba, akamwita na jirani, akawamwagia somo zima: namna ya kusimama, namna ya kuinamisha brashi, namna ya kupumua. Mkewe alikuwa karoni anasuuza mashuka, amewapa mgongo.

Bwana shamba akaomba kuiona brashi. Akainusa. Akainusa tena.

"Mzee, hii unaisafisha kwa kitu gani?"

"Petroli. Kila siku, kabla na baada. Siwezi kufanya kazi na brashi chafu."

"Basi maua umeyaunguza mwenyewe, mzee wangu. Hili tunda si lako."

Jirani akajifanya anakohoa.

"Ni langu," akasema mkewe bila kugeuka. "Nilipaka kwa kidole. Ua moja tu, nione."

"Si wewe uliyetaka mti ukatwe?" fundi akamaka.

"Nilitaka. Halafu nikajiuliza, ukishakatwa, huyu mtu atashinda wapi? Atashinda jikoni kwangu, ananihesabia dakika za kuchemsha maji."

Jirani akashindwa kukohoa, akacheka waziwazi. Fundi aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Lakini alifurahi pia, tena sana, kwani siku zote alidhani anaupigania mti ule peke yake.

Wageni walipoondoka, akasogea karoni, akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua pamoja.

"Kesho unionyeshe," akasema.

"Uje mikono mitupu," mkewe akamjibu. "Na uinawe kwanza."