Kiti cha Lori katika Stoo ya Shakib

Kila asubuhi baada ya swala namjazia Baba chai kwenye chupa, namfungia chapati kwenye gazeti, kisha nasimama mlangoni mpaka lori lake la Fuso liondoke. Hatusemi mengi. Yeye husema, "Haya, Zainah," nami hujibu, "Safari njema, Baba," basi. Asubuhi ile mfuniko wa chupa ulikuwa bado mkononi mwangu geti lilipogongwa. Alikuwa Wabwire wa bodaboda, na nyuma ya pikipiki yake alikuwa amefunga kiti cha lori, kizima, mkanda wake ukiburuta vumbi.

"Dada, hii kiti ya Shakib," akasema. "Nimetoa nayo Mulanda. Alisema niingize mapema, mzee asione."

Mzee alikuwa nyuma yangu. Alisogea, akakipapasa kile kiti polepole, mgongo hadi miguu, kama anayenunua mbuzi.

"Na lori yake iko wapi?" akauliza.

Wabwire akacheka, akaona anacheka peke yake, akashusha kiti na kuondoka.

Hapa Busia, kitu kinachoingia kipande kipande ni kitu kinachojificha. Tumekua tukiona sofa ikivuka mpaka bila mito, mito ikifuata siku nyingine chini ya magunia. Tumeona fremu ya baiskeli ikipita njia ya panya begani mwa mtu mmoja na magurudumu begani mwa mwingine. Hakuna anayeuliza. Watu husubiri tu vipande vitimie ndipo wajue ni nini. Na tangu mvua zianze, vipande vilikuwa vikiingia kwenye stoo ya kaka yangu: plaiwudi, nyaya, swichi za magari mabovu, televisheni kuukuu. Shakib hutengeneza simu karibu na stendi. Simu haihitaji kiti cha lori.

Taaka, jirani yetu anayeuza dagaa nje ya geti, alikuwa ameshaona kila kitu. "Huyo kaka yako," aliniambia, "siku moja ataingiza treni kwa pikipiki." Nilitabasamu kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Baba hakutabasamu. Jioni, kabla jua halijazama, maana siku hizi harudi gizani kabisa, aliniita nje. Akanikumbusha kwamba watu wa forodha wakiingia uani na kukuta magendo, hawatachukua ya Shakib peke yake. Watachukua na Fuso, nayo ndiyo inayotulisha. Kisha akasema alilokuwa amelifikiria njia nzima kutoka Tororo.

"Wewe umesoma, na yeye anakupenda. Angalia kuna nini mle ndani. Ijumaa nikitoka msikitini uniambie. Kama ni magendo, achague. Atoke kwangu, au aje kwenye lori tukae pamoja nimuone."

Jambo la lori halikuwa jipya. Kwa muda mrefu alikuwa akimtaka Shakib wabebe saruji pamoja, na Shakib kila mara alijibu, "Baadaye, Baba."

Nikaanza kumpeleleza kaka yangu, kazi ambayo moyo wangu haukuumbiwa. Nilipofua suruali yake nilikuta mfukoni vitufe vya kuongezea sauti, vile vya redio za zamani, vingi kama njugu. Vidole vyake vilinuka gundi. Niliposimama karibu na ukuta wa stoo nikijifanya naanika nguo, nilisikia msumeno wa mkono ukikwaruza, halafu kimya, halafu sauti ya Shakib akitaja namba kwa Kiingereza, moja moja, kwa utaratibu, kama anayemsomea mtu. Hakuna aliyemjibu. Nilirudi ndani na nguo zikiwa bado zimelowa.

Ukishaanza kushuku, huchagui wa kumshuku. Nilianza kumwona hata Baba kwa jicho lile lile. Fuso ilikuwa imekwaruzika upande wa kushoto, mikwaruzo mipya juu ya ya zamani, naye akasema ni nguzo ya geti. Akaanza kuliacha lori barabarani, eti uani pamejaa takataka za Shakib. Simu yake ilipoingia ujumbe alinipa nisome, akasema mikono yake ina grisi. Mikono yake ilikuwa safi. Nilisoma ule ujumbe mara mbili nikitafuta ndani yake jambo la siri. Ulikuwa wa Odwori, msimamizi wa ghala, akiuliza habari za saruji.

Alhamisi mchana nilipeleka chai mlangoni mwa stoo na kugonga. Nilitegemea Shakib ataipokea kwa kupenyeza mkono kama kawaida yake. Badala yake nilijikuta nikilia, na yeye akafungua mlango wote.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamweleza yote: Ijumaa, forodha, kutoka au lori. Alisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akanisogeza kando ya meza yake ili nione.

Ilikuwa pua ya ndege, au nusu yake, kwa ndani. Ubao wa plaiwudi ulikuwa umekatwa kwa mkono, ukasuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi nyeusi. Nyuma ya vipande vya kioo cha dirisha alikuwa amebandika nyuso za vipimo vya ndege, za duara kama saa, zilizochapishwa kwenye karatasi, kila moja na mshale uliotembea kweli. Vile vitufe vya redio vilikuwa vimepangwa safu. Usukani ulikuwa wa bomba la maji. Kiti cha Mulanda kilikuwa kimefungwa juu ya paleti ya mbao, na mbele yake televisheni ikionyesha uwanja wa ndege. Akanieleza kwamba ndani ya kompyuta iliyokuwa chini ya meza mna programu ya kujifunzia urubani, na zile namba nilizosikia ni za kimo na mwendo, ambazo rubani huzitaja kwa sauti.

Nilimuuliza kwa nini asiseme tangu mwanzo.

"Angeona misumari na mbao, aseme ni mchezo wa watoto," akajibu. "Nilitaka akione kimekamilika, ndipo nimwambie kwamba lori silitaki."

Ijumaa Baba alirudi na kanzu yake. Nikamwambia aje aone mwenyewe.

Shakib alimkalisha kwenye kile kiti, akamwekea mikono juu ya bomba. Baba alipapasa swichi, vitufe, ukingo wa ubao. Aliuliza nani aliyekata, akaambiwa, akasema, "Mh." Ilikuwa ni sifa, kwa kipimo chake. Shakib akawasha. Injini ikanguruma kwenye spika, ardhi ikashuka, na tukawa tunaruka kuelekea Tororo, mashamba yakipita chini kama viraka. Kaka yangu alikuwa na furaha ya mtu anayesahau alichopanga kusema.

"Jabali letu lile la Tororo, Baba," akasema.

Lilikuwa linainuka upande wa kulia wa televisheni, la kijivu, likizidi kukua. Hakuna dereva wa njia ile asiyelijua. Mtoto wa pande za Kwapa, karibu na Tororo, huanza kulionyesha kwa kidole kabla hajajua kulitaja.

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanyoosha kidole kushoto, kwenye anga tupu.

"Naliona," akasema. "Kubwa."

Shakib alinitazama. Nilikumbuka mikwaruzo ya Fuso, mikono iliyokuwa safi, kiti kilichopapaswa kuanzia mgongoni hadi miguuni. Kaka yangu alizima sauti ya injini, akainama karibu na sikio la Baba.

"Jabali liko kulia, Baba."

Baba hakuondoa mikono kwenye usukani. Nje Taaka alikuwa akibishana na mteja juu ya dagaa, na mle ndani jabali liliendelea kuja bila sauti mpaka likajaza televisheni yote.

"Niliomba iwe magendo," akasema mwishowe, "nipate sababu ya kukulazimisha. Shakib, mimi barabara siioni tena. Nataka uniendeshee."