Tope la Ghuba ya Nyamalulu

Limi alifika Nkome kutafuta tope. Watu wa mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, walizoea wageni wa kila namna: wanunuzi wa sangara, madalali wa dagaa, wakaguzi wa nyavu, wahubiri wenye vipaza sauti. Lakini dada aliyeshuka garini na mabomba marefu ya plastiki, akaulizia boti ya kumpeleka kilindini akachote tope, huyo hawakuwa wamewahi kumwona.

"Tope?" aliuliza Mwamvua, mama mwenye boti na vichanja vya kuanikia dagaa. "Mwanangu, hili ulilokanyaga si tope?"

"Nalitaka la chini kabisa, mama. Ambalo halijavurugwa na mtu."

Mwamvua alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akamwita nahodha wake, Marwa, akamwambia ajaze mafuta kwenye injini.

Limi alizaliwa Didia, kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga na mtama, mbali na ziwa. Alisoma kemia, na sasa alikuwa mtafiti Mwanza. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kinachoendelea kwenye tope la chini ya ziwa, mahali ambapo hewa haifiki. Huko wanaishi bakteria wasioonekana kwa macho. Sisi tunapumua hewa. Wao wanajipatia uhai kwa kutumia salfa na chuma kilichomo topeni. Na baadhi yao wakikutana na zebaki, ile ambayo wachimbaji wadogo hutumia kunasia dhahabu, wanaigeuza kuwa kitu kibaya kuliko zebaki yenyewe. Kitu hicho huingia kwa viumbe wadogo wa majini, wakaliwa na samaki, samaki naye akaliwa na mtu.

Limi alitaka kujua kazi hiyo inafanyika wapi. Aliamini ni kilindini, kwenye giza na baridi, ambako tope halipati hewa kwa miezi mingi. Alikuwa ameliandika hivyo kwenye maombi yake ya utafiti, na moyoni hakuwa na shaka.

Siku ya kwanza ziwa lilikuwa shwari. Marwa alizima injini mahali ambapo nchi kavu ilionekana kama mstari tu. Limi akashusha chombo chake kwa kamba: bomba lenye vyuma vizito juu na kifuniko kinachojifunga chenyewe. Kamba ikateremka muda mrefu, kisha ikalegea mikononi mwake.

"Limefika," alisema.

Walivuta wote wawili. Bomba likaja na maji matupu. Walirudia, likaja tena na maji, na tope kidogo limechanganyika kama uji.  Marwa alikaza tu kamba na kusubiri. Safari iliyofuata bomba lilipanda zito. Lilipotoka majini, Limi alilishika wima kama anayebeba mtoto mchanga, akalitazama huku akitabasamu. Juu kulikuwa na utando laini wa rangi ya kahawia, chini yake kijivu, na chini zaidi weusi unaong'aa. Vipovu vidogo vya gesi vilikuwa vikipanda taratibu katikati ya ule weusi.

"Kumbe linapumua," alisema Marwa.

"Wanaopumua ni waliomo ndani."

Harufu ya mayai viza ilipoenea, Marwa aliziba pua, na Limi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mchana upepo ukabadilika. Mawimbi yalianza kupiga ubavu wa boti, na Marwa akaona ni heri wajikinge kwenye ghuba ya Nyamalulu mpaka hali itulie. Ilikuwa ghuba ndogo yenye kina kifupi, imezungukwa na mafunjo, na kijito chenye maji mekundu kiliingia humo kutoka upande wa machimbo. Limi hakuwa na mpango nayo. Lakini walikuwa wamekaa bure na bomba moja lilikuwa tupu, akalishusha. Akaandika kwenye kibandiko: la kulinganishia.

Mwamvua aliwapokea mwaloni na sanduku lake la barafu, lile la kuhifadhia sangara, maana tope hilo lilitakiwa kukaa kwenye baridi mpaka Mwanza. Akamkaribisha Limi alale kwake. Binti yake, Kudra, alikuwa mjamzito wa miezi ya katikati, amekuja kukaa na mama yake kwa sababu mumewe, Salmini, alishinda kwenye uchenjuaji, akiosha udongo wa dhahabu juu ya kijito kile kile. Jioni Kudra alipika kambale wa kukaanga na mchuzi wa nyanya.

"Mimba hii haitaki kitu kingine," alisema akimpakulia Limi. "Kila siku kambale wa Nyamalulu. Nyama naitapika, dagaa sitaki hata kuwaona."

"Na mimi ndiye ninayeuza dagaa," alisema Mwamvua. "Aibu gani hii."

Limi alikula, akaongezewa, akala tena.

Huko Mwanza alijifungia maabara. Aliligawa tope kwenye chupa, akaondoa hewa yote, akafunga vizibo. Katika kila chupa alitia chembe ya zebaki yenye alama maalumu, ili baadaye aweze kuitambua, kisha akaziweka chupa gizani kwenye joto linalofanana na la ziwani. Zilizobaki zilikuwa siku za kungoja na kupima.

Majibu yalipotoka alidhani amechanganya vibandiko. Tope la kilindini lilikuwa limegeuza zebaki kidogo mno; sehemu kubwa ilikuwa imeshikwa na salfa na chuma, imetulia. Lile la ghuba, lililojaa mizizi iliyooza ya mafunjo, bakteria wake walikuwa wamefanya kazi kama mafundi wenye zabuni. Limi alirudia jaribio zima tangu mwanzo. Majibu yakawa yale yale.

Alikaa kwenye stuli akiangalia chupa. Alikuwa amekosea, na kukosea kwenyewe hakukumuuma. Katika kazi yake mtu hukosea na kuendelea. Kilichomkaa rohoni ni sahani ya Kudra.

Alimpigia simu msimamizi wake, Profesa Mageni, mzee mpole asiyependa haraka.

"Tope si samaki, Limi," alisema Mageni. "Usimtishe mtu kwa tope. Kapime samaki kwanza. Ukikuta kitu, usingoje ripoti ichapishwe. Nenda ukawaambie wenyewe."

Limi alirudi Nkome, akanunua kambale wa ghuba, wakubwa kwa wadogo, na dagaa wa ziwani kutoka kwa Mwamvua. Alipowapima, dagaa walikuwa salama, chini sana ya kiwango cha hatari. Kambale wadogo walikuwa afadhali. Kambale wakubwa hawakufaa kuliwa na mama mjamzito hata kidogo.

Basi akaenda tena Nkome, safari hii bila mabomba. Alimkuta Mwamvua akigeuza dagaa kwenye kichanja.

"Shikamoo, Mama Kudra."

"Marahaba, mwanangu. Leo mbona mikono mitupu?"

Limi alimweleza yote, polepole, wakiwa wamesimama pale pale. Mwamvua aliacha kugeuza dagaa. Kwa muda alitazama vichanja vyake na vya wenzake vilivyojipanga ufukweni.

"Unajua neno hili likitoka litakuwaje?" alisema. "Mnunuzi wa Isaka hatauliza ghuba gani. Atasema samaki wa Nkome wana sumu, basi. Lori litageuza."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza, mama. Nataka tuliseme lilivyo. Dagaa wako nimewapima, wazima kabisa. Shida iko Nyamalulu, na ni kwa kambale wakubwa."

"Na anayewala ni mwanangu."

"Ndiyo."

Waliingia ndani. Kudra alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, Salmini amekuja kumsalimia. Mwamvua hakutaka kulisema yeye, alimwachia Limi. Kudra alisikiliza akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Nimekula tangu mimba ina miezi miwili," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto atakuwaje?"

"Sijui, mdogo wangu. Siwezi kukudanganya. Ninachojua ni kwamba ukiacha leo, mwili wako wenyewe utaanza kuitoa hiyo zebaki, polepole. Nitachukua nywele zako chache, zitatuonyesha umeingiza kiasi gani. Nitachukua na zangu. Na mimi nilikula."

 Salmini alizungumza bila kumwangalia mtu.

"Mimi ndiye ninayeosha juu ya kijito. Mimi na wenzangu. Unasema nimemlisha mke wangu sumu?"

"Hukujua, shemeji."

"Sikuuliza kama nilijua."

Limi alivuta pumzi. "Zebaki inayobaki kwenye marudio, ule mchanga mnaoumwaga baada ya kuosha, mvua inaishusha kijitoni. Ikifika ghubani inazama. Ingebaki hivyo ilivyo, isingekuwa na balaa kubwa. Ila mle topeni wamo wanaoigeuza. Hao hatuwezi kuwazuia, ndio maisha yao. Tunachoweza ni kuacha kuwapelekea."

Salmini alitoka, akasimama uani. Kudra alitaka kumfuata, mama yake akamzuia kwa mkono. Walimsikia akiongea na simu, mara anapaza sauti, mara anaishusha. Aliporudi aliomba maji ya kunywa.

"Kesho twende ukawaonyeshe wenzangu," alimwambia Limi. "Mimi hawatanielewa."

Majibu ya nywele yalitoka baada ya majuma machache. Za Kudra zilikuwa na zebaki zaidi ya alivyopenda Limi, ila si za kiwango cha kutisha. Aliyabeba mwenyewe majibu hayo mpaka kliniki, akamweleza muuguzi, ili mtoto aje afuatiliwe ukuaji wake. Mwamvua naye hakungoja barua ya mtu. Alikwenda kichanja kwa kichanja, akawaambia akina mama: wenye mimba na wanaonyonyesha waache kambale wa Nyamalulu, badala yake wale dagaa wa ziwani. Wapo waliomwambia anatafuta wateja. Aliwajibu kuwa hata wakinunua dagaa wa jirani yake ni sawa, mradi wasile kambale wale.

Biashara iliyumba kwa muda. Lori moja kweli liligeuza. Lakini Limi alikuja na majibu ya dagaa, yakasomwa mbele ya uongozi wa mwalo na wanunuzi, na wanunuzi wakarudi mmoja mmoja.

Kudra alijifungua msimu wa mvua, mtoto wa kike, akamwita Zamoyoni. Alilia kwa nguvu, akanyonya vizuri. Muuguzi alimpima kila mwezi, na mtoto akageuza kichwa aliposikia sauti, akafuata kidole kwa macho. Limi alikuwa akipiga simu baada ya kila kliniki, na Kudra alikuwa akimpa majibu kabla hajaulizwa.

Juu ya kijito, Salmini na baadhi ya wenzake walihamisha mabwawa yao ya kuoshea, wakayachimba mlimani mbali na maji na kuyatandika turubai nene chini. Wengine walikataa, walisema wana familia za kulisha na hawana muda wa kuhama kwa ajili ya wadudu wasioonekana. Salmini hakugombana nao. Aliwapitia mara kwa mara, akakaa nao, akanywa chai yao.

Mwaka uliofuata alimpeleka Limi kwenye machimbo mengine ng'ambo ya kilima. Wachimbaji walikusanyika chini ya turubai, wengine na tope mpaka magotini, makarasha ya kusagia mawe yamezimwa ili wasikilizane. Salmini aliwaeleza walivyohamisha mabwawa, na Limi akawaonyesha bomba lenye tope jipya la ghuba. Tabaka la juu kabisa, lililotua tangu mabwawa yahamishwe, lilikuwa na zebaki pungufu kuliko lililo chini yake. Halikuwa safi, lakini lilikuwa limepungua.

Mchimbaji mmoja wa makamo alinyoosha mkono. "Dada, na hiyo ya chini itaisha lini?"

"Wengi wetu hapa tutakuwa wazee," alisema Limi. "Itafunikwa kidogo kidogo, kama hatuongezi nyingine."

Yule mtu alilitazama bomba, kisha akamgeukia Salmini.

"Turubai zile za mabwawa mlizipata wapi?"