Muhogo wa Siku Tatu

Esteri aliingiza mkono hadi kiwikoni kwenye tangi namba nne, akatoa kipande cha muhogo, akakibinya kwa kidole gumba. Kidole hakikuzama. Akachukua kingine cha chini kabisa. Kigumu vilevile, kama kilivyoletwa kutoka Gwarama. Ilikuwa siku ya tatu tangu wauloweke, mvua ilikuwa haijakatika Kasulu tangu Jumapili, na maji yalikuwa ya baridi ya kuumiza mifupa.

"Bado, bosi," alisema.

Nurudini, meneja wa kiwanda cha unga, alikuwa amesimama mbali na tope, karatasi zake kwapani. "Bado nini? Leo siku ya tatu."

"Kwa baridi hii muhogo mchungu unataka siku tano. Tukiutoa leo, sumu itakuwa bado imo."

"Mbona Agosti uliutoa kwa siku tatu?"

Ilikuwa kweli, na aliyejiponza ni yeye mwenyewe. Agosti, jua likiwaka, aliwaonyesha ujuzi wa bibi yake wa Mabamba: maji ya zamani usiyamwage yote, bakiza ndoo mbili zilizochacha, mimina juu ya muhogo mpya. Muhogo ukalainika kwa siku tatu badala ya nne. Wenzake walimpigia makofi, Nurudini akaandika. Jamani, mtu anaonyesha kazi yake nzuri, kumbe anajifunga kamba. Mwezi uliofuata ikaja barua kutoka makao makuu: siku tatu, matangi yote, kiangazi na masika. Kila siku ya ziada ingehesabiwa dizeli ya pampu na ujira wa vibarua, na kuongezwa kwenye gharama ya kilo. Kilo ikizidi shilingi mia tatu na kumi, meneja hapati posho yake ya robo mwaka, na tangi lililochelewesha linafungwa.

"Basi andika kwamba haujaiva," Esteri alisema. "Wasome wenyewe huko, waamue."

Nurudini alimgeuzia karatasi. Siku. Kilo. Lita za dizeli. Vibarua. "Nionyeshe pa kuandika."

Esteri alitafuta juu hadi chini. Hapakuwa na mahali.

"Mama Esteri, unafikiri mimi sijui muhogo? Nimezaliwa hapahapa. Lakini na mimi napimwa, na wanangu wanasoma kwa posho hiyo." Hakusema kwa ukali, alikuwa amechoka tu. "Tangi lako lina watu wanane. Likifungwa utawaambia nini?"

Wanawake wale wanane walikuwa wameacha kumenya. Nizigiyimana, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa anamtazama bila kupepesa. Hakuna aliyemwomba kitu, na Esteri aliona afadhali wangemwomba.

Akatia saini.

Muhogo ulikatwakatwa, ukakaushwa harakaharaka kwenye tanuri, ukasagwa. Lori lilipowashwa Esteri alimsogelea dereva, akamuuliza linakwenda wapi. Kibondo, dereva akamjibu, kwenye shule za bweni. Hakuwa na wa kumwambia ambaye hakuwa anajua tayari.

Mwisho wa mwezi waliitwa wote uwanjani. Tangi namba nne lilikuwa na gharama ndogo kuliko yote. Nurudini akamkabidhi Esteri cheti na zawadi, mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano. Unga uleule.

"Tabasamu, mama. Picha inakwenda makao makuu."

Nyumbani walikuwa wamekula majani ya maboga matupu tangu juzi. Esteri aliubeba mfuko kichwani akijiambia ataumwaga korongoni, lakini majirani wawili walikuwa wameshamwona na kumpongeza, na mama mkwe wake, bibi Mpawenimana, alikuwa amesikia kelele zao na kubandika maji. Esteri akafungua mfuko, akalamba unga kidogo. Uchungu ukamshika ulimi.

"Mama, unga huu hauko sawa. Una sumu."

"Sumu," bibi alisema, akichochea kuni. "Tulipovuka mpaka tukikimbia vita tulikula mizizi ambayo hatukuijua jina. Una unga mwingine?"

Esteri hakuwa nao.

"Basi lete mwiko, mkamwana."

Ugali ukaiva, mweupe, wa kuvutika. Esteri alijimegea pande kubwa kuliko la mtu yeyote, akala harakaharaka bila kuinua macho, ili ubaki kidogo kwa wengine. Alikula mpaka tumbo likakaza. Bibi alimkata jicho, akadhani ni uroho.

Niyonkuru, binti yake wa miaka sita, alilamba vidole vyote vitano, kisha akasukuma sahani yake mbele.

"Mama, niongeze."