Kifaa Hakitoki Getini

Alhamisi asubuhi Danford Silwimba alikunywa chai ya rangi na viazi vitamu, akavaa sweta kwa sababu kulikuwa na baridi, akaingia kwenye buti la gari la mchomoko, akakaa kwenye benchi la nyuma, akagongeshwa ukutani.

Gari lilivutwa na waya wa winchi mpaka likashika kasi ya dereva anayewahi abiria, likaupiga ukuta wa zege. Boneti ikajikunja kama chapati. Vioo vikamwagika. Lile benchi likang'oka pale lilipochomelewa, likapaa na Danford juu yake, likapita juu ya viti vya katikati, likatua kwenye dashibodi. Vumbi lilipotulia Danford alitoka kwa mlango wa dereva, akakung'uta vipande vya kioo kwenye sweta, akauliza kama viazi vimebaki.

"Vimebaki," alisema Ipyana, fundi wa kituo, huku anazima winchi. "Ila wahi, Gwantwa wa stoo kashavitupia jicho."

Hicho kilikuwa kituo cha utafiti wa teknolojia ya magari, nje kidogo ya Tunduma, barabara ya kwenda Sumbawanga. Kilikuwa na ukuta, winchi, ofisi ya mkuu, stoo na choo. Kilichokosekana ni lile sanamu la kupimia ajali, linalokaa garini badala ya mtu, lenye mbavu za chuma na shingo ya springi. Liliagizwa kweli. Lilifika bandarini likakwama, maana wakala wa mizigo hakujua alilipie ushuru kama nguo, kama kipuri au kama abiria.

Wakati wakala bado anafikiria, siku moja Danford alikuwa ndani ya gari anafunga vipimo, winchi ikajiwasha, gari likaenda ukutani naye akiwemo. Alitoka bila mkwaruzo. Mkuu wa kituo, mzee Venance, alimzunguka, akamwinua mkono wa kushoto, akauachia, ukashuka vizuri.

"Kumbe kifaa tunacho," alisema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyempigia tena wakala simu. Danford mwenyewe aliona ni jambo la kawaida tu la kikazi, kama mtu kujaliwa mwandiko mzuri.

Alikuwa Mtafiti Msaidizi. Amekuwa Mtafiti Msaidizi tangu ana nywele utosini. Ili apande, alitakiwa awe na utafiti mmoja uliobadilisha kanuni, na huo alikuwa nao kichwani siku zote: benchi la buti. Mafundi wa mtaani wanachukua gari dogo la watu watano, wanachomelea benchi la mabomba nyuma pale inapokaa spea tairi, wanaweka sponji, na watu wazima wanakaa humo magoti yakigusa kidevu. Ndio mchomoko huo. Danford alishapiga mahesabu: gari likigonga chochote, benchi linaachia, na mgongo wa aliyekaa unavunjika juu kidogo ya kiuno. Alitaka benchi hilo lipigwe marufuku.

Alilitaka hilo kwa ajili ya cheo, na zaidi kwa ajili ya mkewe. Fausta alikuwa nesi Chitete, nyumbani alirudi mwisho wa wiki. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya geti la kituo kusubiri usafiri, na kwa sababu magari yanatoka Tunduma mjini yameshajaa, anayepandia pale getini anapewa buti. Barabara ya Chitete ina mawe, ina mteremko, na ina ng'ombe ambao hawajawahi kuwa na haraka.

Tatizo lilikuwa kanuni. Makao makuu walisema gari linafaulu kama aliyekaa ndani kafaulu. Basi.

"Mkuu, benchi limeng'oka," Danford alisema ile Alhamisi. "Limeruka mpaka mbele."

"Nimeona. Na wewe?"

"Mimi mzima."

"Sasa?"

"Mkuu, mimi si abiria wa kawaida."

Mzee Venance alivua miwani. "Una miguu miwili, una kichwa kimoja, una njaa. Wa kawaida unamtaka wa namna gani?"

Gari likafaulu. Yakafaulu na mengine.

Danford alijaribu kuumia. Alilegeza mkanda, akauvua kabisa. Alikaa kiubavu, akakaa kinyumenyume kama mtoto anayechungulia barabara kwa nyuma. Benchi likaruka kila safari, naye kila safari akashuka anajipukuta. Mara moja akaamua kudanganya: akatoka anachechemea, ameshika nyonga, analia kiume. Mzee Venance akampeleka Vwawa akapigwe picha. Picha ikaonyesha mifupa iko safi, na hata mfupa wa bega aliouvunja utotoni kwa kuanguka kwenye mpera, ukaunga vibaya, ulikuwa umenyooka.

"Hongera," alisema mzee Venance.

Ndipo Ipyana akaenda Igamba akarudi na nguruwe. Walimfunga kwenye benchi, wakamgongesha. Nguruwe alivunjika mgongo pale pale Danford alipopapigia mahesabu. Danford alikimbia ofisini kumwita mkuu, na mzee Venance akaja kuangalia, akachuchumaa, akapapasa mgongo wa marehemu kwa umakini.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini hizi ni takwimu za mifugo. Sisi tunashughulika na magari."

Jioni wakamla na ndizi za kuchoma. Danford alikaa pembeni na sahani yake haijaguswa.

"Kula kaka," Ipyana alimwambia. "Data yako ndo hii, imeiva."

Mwaka wa serikali ulipokwisha, mali za kituo zilihakikiwa. Gwantwa, mtunza stoo, alizunguka na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba, anaandika namba kwenye meza, kwenye winchi, kwenye ndoo ya choo. Akafika kwa Danford.

"Samahani kaka. Nimeambiwa na wewe uandikwe."

"Wapi?"

"Viti huwa tunaandika nyuma."

Danford akainama, akaandikwa kwenye kisogo. Ilikuwa rangi ya mafuta, haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Kuanzia hapo posho zake zikasimama, kwa kuwa kifaa hakili posho, akahamishiwa kwenye fungu la matengenezo, ambako alikuwa anapata kopo la grisi kila mwezi. Grisi alimpa Ipyana. Barua yake ya kuomba kupanda daraja mzee Venance aliirudisha kwa mkono wake mwenyewe, maana alikuwa mtu mwenye utu.

"Danford, kifaa hakipandi cheo. Kifaa kinachakaa. Sasa wewe hata kuchakaa huchakai. Kwa kweli ungemshukuru Mungu."

Na kwa kuwa vifaa vinalala stoo, Danford akawa analala stoo, kati ya ngazi na mapipa ya oili. Gwantwa alimtandikia maboksi mapya.

Ijumaa Fausta akirudi kutoka Chitete alipitia dirisha la stoo na hotpoti la wali na maharage, analipitisha kwenye nondo kwa kulilaza. Waliongea hapo. Habari za mtoto wao Goodness, anayesoma kwa bibi yake Igamba, ziliishia hapo hapo dirishani.

"Baba Goodness, umepungua wewe."

"Sijapungua. Wananipima kila wiki. Fausta, Jumapili usipande buti."

"Nipande wapi, kwenye keria?"

"Subiri gari lenye nafasi mbele."

"Mbele wanakaa waliopandia mjini. Unajua hilo." Akasogea karibu na nondo. "Hebu nikuulize. Hayo magari mmeyapima, hamjayapima?"

"Tumeyapima."

"Yakafaulu?"

"Yakafaulu."

"Kayafaulisha nani?"

Danford alifunua hotpoti, akalifunika.

"Si wewe?" Fausta hakusema kwa ubaya, alisema kama anavyomuuliza mgonjwa kama dawa kameza. "Kuna wamama kule wananisubiri na matumbo yao. Hawajui mambo ya mabenchi. Kula, nirudi na chombo changu."

Danford akarudi kwenye mahesabu. Aliona kuna njia moja. Kama yeye atakaa kwenye benchi ampakate Fausta, amemzungushia mikono kifuani, benchi likiachia litatua na yeye kwanza, na kinachotua na yeye hakidhuriki. Sweta halijawahi kuchanika. Kwa hiyo angemsindikiza mkewe Jumapili, na kumfuata Ijumaa, na maisha yangeendelea. Akaenda kuomba ruhusa.

"Kifaa hakitoki getini bila kibali cha makao makuu," alisema mzee Venance. "Na ukipata ajali huko?"

"Siumii, mkuu."

"Ndo maana yake. Kifaa cha namna hiyo mtu haazimishi."

Danford akaandika hata hivyo, kwa makao makuu moja kwa moja. Wakajibu haraka kuliko walivyowahi kujibu kitu chochote: vifaa haviombi, vinaombewa. Mzee Venance akakubali kumwombea akirudi kutoka kwenye semina Morogoro.

Jumapili Danford alisimama ndani ya geti, Fausta nje ya geti, wakasubiri gari pamoja. Fausta aliuliza kama maharage yalikuwa na chumvi, akaambiwa yalikuwa sawa. Mchomoko ukaja. Konda akainua mlango wa nyuma, na Fausta akajikunja taratibu, kwanza mguu mmoja, kisha kichwa, kisha mkoba, akaketi baina ya mama mwenye kuku na mzee mwenye galoni. Konda akausukuma mlango kwa makalio mpaka ukashika. Ndani hakukuwa na nafasi ya kuinua mkono, kwa hiyo Fausta alimpungia kwa kidole kimoja kwenye kioo. Danford alilijua gari lile. Alilikalia Jumanne, kabla mafundi hawajalinyoosha na kulirudisha barabarani.

Chini ya mteremko ng'ombe walikuwa wanavuka. Dereva akawakwepa, akapiga ukingo wa kalavati. Waliokaa mbele walishuka wakatafuta simu zao. Benchi liliachia.

Ipyana ndiye aliyekuja kusema. Alivua kofia akaikunja, akaikunjua, akasimama mlangoni mwa stoo.

"Kaka, lile benchi."

"Fausta?"

"Fausta."

Walimzika Igamba. Danford alitolewa getini kwa saini ya Ipyana, kwa sharti arudishwe siku hiyo hiyo katika hali aliyotoka nayo. Alipoinama kutupa udongo, wakwe zake waliokuwa nyuma waliisoma namba kisogoni, na mjomba mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama inamaanisha cheo. Ipyana akasema ndiyo. Goodness alimshika baba yake mkono mpaka muda wa kurudishwa ulipofika.

Gari lililetwa kituoni kwa uchunguzi. Danford aliandika ripoti usiku na mchana, akaambatanisha maneno ya daktari: mgongo umevunjika juu kidogo ya kiuno. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika zamani, sasa yamegongwa muhuri wa hospitali. Mzee Venance aliisoma yote, hakuruka ukurasa. Machozi yalimlengalenga. Fausta aliwahi kumpima presha na kumgombeza kuhusu chumvi.

"Huyu ni mtu kabisa," alisema. "Hakuna wa kusema ni mifugo."

"Ndiyo, mkuu."

"Mtu kabisa. Ila hakupimwa hapa, Danford. Nikiipeleka hivi wataniuliza, kipimo kiko wapi? Turudie. Tukiona hata jeraha dogo tu, naapa, naipeleka mwenyewe kwa mkono mpaka Dodoma."

Akamaanisha. Kila mtu aliona anamaanisha. Mafundi walilinyoosha gari kwa nyundo, na fundi wa mtaani aliyelichomelea benchi mara ya kwanza akaitwa alichomelee tena vile vile, asiongeze wala asipunguze. Alifanya kazi yake, akakataa soda. Gwantwa aliosha sponji, akaianika juani, akaigeuza, akaianika tena.

Siku ya kipimo Danford hakuhitaji kuelekezwa mahali pa kukaa. Alikaa katikati. Ipyana akavuta pumzi, akaachia winchi.

Gari liliupiga ukuta. Benchi liliachia, likapita juu ya viti, likatua mbele. Vumbi likatulia. Danford akatoka, safari hii bila kujikung'uta, akasimama karibu na ukuta.

"Umeumia?" Ipyana aliuliza.

"Nimeumia."

Mzee Venance akasogea haraka, kalamu iko wazi. Gwantwa akatoka stoo, mikono kifuani.

"Wapi?" alisema mzee Venance. "Onyesha tu, kijana wangu. Popote."

Danford alijishika shingo. Akashuka mabegani, mbavuni, kiunoni, akapanda juu kidogo ya kiuno akapabonyeza hapo muda mrefu, akashuka magotini, akarudi juu. Alitafuta vizuri. Hakuna aliyemharakisha, na upande wa pili wa ukuta lori lilipita, mlio wake ukaisha, na bado anatafuta. Mwishowe akashusha mikono.

Mzee Venance alifunga kalamu, akamwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo kabla ya kurudi ofisini.

Kioo cha mbele hakikuwepo tena, kwa hiyo Ipyana alibandika stika ya kufaulu kwenye mlango.