Nta ya Ubao wa Sudi

1.

TANGAZO. TANGAZO. TANGAZO.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi, wazee wa Ras Mkunguni, na nyote mliokuja kwa ajili ya pilau lakini mmekaa kama mliokuja kwa ajili ya dua:

Hii ni RISALA RASMI ya wanafunzi wa bweni, katika hitima ya arobaini ya mwenzetu, marehemu Sudi Makame, aliyeitwa na bahari hali ya kuwa bado

"Bahari haijui jina la mtu," anasema Ami Vuai. "Futa hapo."

Himidi anafuta.

2.

Kwa wasiowajua.

Himidi: Kidato cha Tatu, kitanda cha juu, bingwa wa kughushi matangazo. Ndiye aliyebandika lile la kwamba magodoro yote yapelekwe uwanjani yakapimwe uzito, na shule nzima ikabeba, mwalimu wa zamu akiwa mbele na lake kichwani. Himidi alichapwa. Kisha akateuliwa kuwa mwandishi wa risala zote za shule, maana Mwalimu Mkuu alisema kipaji kisipopewa kazi hujitafutia chenyewe. Risala hii itasomwa kesho. Leo anaifanyia mazoezi.

Ami Vuai: anayemsikiliza. Mtunza stoo ya msikiti, nyuma ya ua wa shule. Ndani ya stoo mna jeneza, makoleo na viunza. Kiunza ni ubao wa kumfunika maiti kaburini, mchanga usimguse. Ami huvichonga mapema, kwa mti wa msufi, mwepesi na laini; wengine humwambia msufi huoza upesi, yeye hujibu kwamba wateja wake hawajawahi kurudi kulalamika. Ufunguo wa stoo huning'inia shingoni mwake.

Ulikuwa ukining'inia.

Sudi: alikuwa

(Baadaye.)

3.

Namna ya kuchonga ubao wa magoti. Wewe unayesoma, lete mikono.

Tafuta ubao wa msufi, urefu wake kutoka ardhini hadi kitovuni kwako. Usiulize umetoka wapi. Piga randa kwa kufuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume, utauchimbua. Pua izungushe, iwe kama ulimi. Mkia uache mraba. Kingo za pembeni zinoe, maana ubao wetu hauna pezi chini yake. Hauna kitu cha kuyashika maji ila ukingo wake na goti lako. Ukitaka kwenda kulia, kandamiza goti la kulia. Ukitaka kwenda kushoto, mwombe Mungu, kisha kandamiza la kushoto. Ukikosea, ubao huenda upande kama kaa, na wewe unaondoka nao au unaachwa.

"Ubao wenye pezi ni baiskeli," Sudi alikuwa akisema. "Huu ni punda. Ukimlazimisha anakutupa. Mbembeleze."

Mwisho, paka nta ya nyuki upande wa juu, pale yanapokaa magoti. Nyunyiza na mchanga kidogo. Bila nta magoti hayashiki.

Bila nta

4.

Mbao zilikotoka, kwa mujibu wa risala.

*Marehemu, kwa utundu wa ujana, aliruka ua wa shule akachukua viunza vitatu katika stoo ya msikiti, ambayo mtunzaji wake aliiacha wazi kwa uzembe. Akavichonga mbao za kuchezea mawimbi. Wenzake, akiwamo Himidi, hawakujua.*

Ami Vuai anapiga randa. Maranda yanaanguka miguuni pake, yamejikunja.

"Ami, hapo vipi?"

"Pana koma nyingi."

"Lakini maneno?"

"Soma, bwana. Jua linakwenda."

5.

*Himidi alikuwa mpakaji nta wa kikosi cha wapanda mawimbi. Kila aliyeingia majini alimkabidhi ubao wake na kumwambia, "Daktari, nitibu." Naye akachota nta katika kopo la maziwa, akasugua, akapuliza, akarudisha. Siku ile alifanya hivyo pia, kama kawaida.*

Kama kawaida.

6.

Jumamosi, baada ya kufua nguo. Mashindano: atakayeanguka katika wimbi la kwanza atawafulia wote soksi, na soksi za Kidato cha Tatu si mchezo. Kikosi kizima kiko ufukoni. Sudi kalala kifudifudi juu ya ubao wake, anapiga maji kwa mikono, anaelekea kilindini.

"Panda hilo!"

"Kaliacha! Sudi kaliacha!"

"We Sudi, unasubiri kuletewa kadi ya mwaliko?"

"Anaogopa soksi zangu!"

"Soksi zako hata papa anaziogopa."

Anayaacha madogo yapite. Anatazama kule kwenye mlango wa mwamba, yanakovunjikia makubwa, kule tulikokubaliana hakuna anayekwenda. Linakuja moja. Analigeukia. Anapiga maji mara chache, ubao unanyanyuka, anashika kingo, anainuka kwa magoti

magoti

mago

 

Ubao ulirudi peke yake. Ulikuja taratibu hadi kwenye miguu ya Himidi, kama mbwa.

7.

*Maiti ilipopatikana, stoo ya msikiti ilipungukiwa na viunza vya kumzikia marehemu, ikabidi zile mbao za mawimbi zitolewe chini ya vitanda na kurudishwa. Ami Vuai aliuosha ubao wa Sudi kwa maji ya kisima. Ukawa safi. Ukapelekwa makaburini.*

8.

Makaburini.

Viunza hulala bega kwa bega, ncha zake zimenyooka, mchanga haupati pa kupita. Lakini hizi zilikuwa na pua za mviringo. Tulizizungusha wenyewe, kwa randa na msasa, tukizisifu. Zilipopangwa, kati ya pua na pua pakabaki uwazi, mpana kama kiganja, juu ya uso wake hasa.

Walipoanza kufukia, mchanga ukaingia.

Himidi alikuwa chini kaburini, kwenye mwanandani, shimo la ndani la maiti, akipokea mbao. Akaweka mkono pale penye uwazi. Mchanga ukamwagika juu ya mkono wake.

"Toa mkono, mwanangu," alisema Ami Vuai. "Hutakaa hapo milele."

Hakuutoa. Wakaleta nyasi na udongo mbichi, wakaziba wakizunguka vidole vyake, ndipo akavitoa kimoja kimoja.

9.

Kisimani:

"Kiunza hakichezewi. Kimemfuata aliyekichukua."

Jikoni:

"Mwizi wa wafu. Na mama yake anauza vitumbua! Mie sili tena vya mkono ule."

"Sasa vitumbua vimekosa nini?"

"Sijui vimekosa nini. Sili."

Bwenini:

"Mimi nilimkataza."

"Ulimkataza wapi? Si ndiye wewe uliyekuwa ukipiga miluzi?"

Msikitini, wazee, kwa sauti ya chini ambayo wazee hudhani haisikiki:

"Ufunguo apewe mwingine."

10.

KUANZIA LEO ni marufuku kwa mwanafunzi yeyote kumiliki, kuchonga, kupaka nta, kupanda au kuzungumzia mbao za mawimbi. Mbao za vitanda zimesamehewa.

(Hili si la Himidi. Hili Mwalimu Mkuu alilitunga mwenyewe, na hakuona cha kuchekesha.)

11.

Bi Mwanahija, mama yake Sudi, alifika getini jana na bakuli la vitumbua ambavyo hakuna aliyevinunua.

"Mwanangu Himidi, wamenambia wewe ndiye utakayesoma."

"Ndiyo, Bi Mwanahija."

"Simtakii sifa. Sifa hazimfai kitu sasa. Nataka kujua jambo moja tu, maana mitaani kila mtu ananambia lake. Aliwaibia wafu, mwanangu? Wewe ulikuwa naye. Kesho kutwa ukisema aliiba, basi aliiba, nitanyamaza, nitamwombea hivyo hivyo. Ukisema hakuiba, nitatembea mbele za watu." Akafunua bakuli. "Kula. Havina kitu."

Himidi alikula. Kitumbua kilikuwa kitamu.

Hilo ndilo baya zaidi. Kilikuwa kitamu.

12.

*...na Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu kosa lake, na awape wazazi wake subira. Amin. Naomba kuwasilisha.*

Himidi anakunja karatasi. Kwa uzoefu wake, hapa ndipo watu hupiga makofi.

Ami Vuai anapuliza maranda juu ya ubao, anaukagua kwa jicho moja.

"Soma tena namba saba."

"Ami Vuai aliuosha ubao wa Sudi kwa maji ya kisima. Ukawa safi."

"Nani alikuwa na ndoo?"

"Wewe, Ami."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nimeshika kitambaa. Nakausha."

"Basi tulikuwa wawili. Soma tena."

7. (tena)

Ami Vuai aliuosha ubao wa Sudi kwa maji ya kisima.

Povu likatoka.

Kila mtoto wa pwani anajua sabuni haitoi povu katika maji ya bahari. Utasugua hadi kiama. Ndiyo maana ufukoni hakuna aliyeona kitu, na Himidi alidhani bahari imekwisha kula kila kilichokuwapo. Haikula. Sabuni ilikuwa imezama katika nyuzi za msufi, inangoja maji matamu. Ilipoyapata, ndoo nzima ikawa nyeupe.

Ami Vuai alilitazama povu. Akaitazama mikono ya Himidi. Akamwaga, akachota mengine, akaosha tena. Akamwaga. Akaosha. Hadi maji yakatoka kama yalivyoingia.

"Mbona hukusema, Ami?"

"Nilikuwa na maiti wa kuzika."

"Na baadaye? Walipokunyang'anya ufunguo?"

"Nikawa nakungoja wewe." Anaiweka randa chini. "Na usidhani ni wema. Nilikasirika. Nikasema nimwache, nione uongo huu utamfikisha wapi. Umekufikisha mbali. Risala nzuri, ina Mgeni Rasmi na kila kitu."

5. (tena)

Kipande cha mche wa sabuni, kikikauka, hakitofautiani na nta. Himidi alikikata kwa kisu asubuhi, penye karo la kufulia, akakitia katika kopo la maziwa. Ulikuwa mzaha. Alitaka Sudi ateleze katika wimbi la kwanza, maji ya magotini, mbele ya watu, bingwa afue soksi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hakufikiri kwamba Sudi angeyaacha madogo yapite. Alipaswa kufikiri. Ni Sudi.

Na alipoona yanapita, moja, na jingine, akajua. Kinywa kilifunguka. Alikuwa na nafasi ya kuita, rudi, ubao wako una sabuni. Lakini ufuko mzima ulikuwa ukicheka, na yeye ndiye aliyewachekesha, na

4. (tena)

Marehemu hakuruka ua wowote. Aliyeruka ni Himidi. Stoo haikuachwa wazi. Ami Vuai aliuvua ufunguo shingoni ili atawadhe, akautundika msumarini, kama afanyavyo kila mwenye kutawadha. Himidi alimwambia Sudi kwamba mbao amezipata kwa seremala, mabaki.

Sudi aliupokea ubao wake, akaunusa, akaupima mkononi.

"Mwepesi huu," alisema. "Kama hauna mwenyewe."

2. (tena)

Sudi: alikuwa hajui.

13.

"Himidi, Himidi," anasema Ami Vuai. "Karatasi nzima Himidi alifanya, Himidi alidhani. Kesho Bi Mwanahija atakaa mstari wa mbele. Akisimama akauliza huyo Himidi ni nani, mgeni rasmi ndiye atakayemjibu?"

Maranda yamefika hadi kwenye viatu vyangu.

Viatu vyangu.

Naomba karatasi nyingine. Ami ananipa kalamu yake ya kupimia mbao, ile nene. Mkono wangu una mchanga. Nimeuosha siku zote hizi na una mchanga.

TANGAZO.

Hapana.

Bi Mwanahija,

mwanao hakuwa mwizi. Aliyeiba ni mimi. Na nta, Bi Mwanahija, ile nta niliyompakia Sudi