Filimbi kwenye Lango la Stroud

Ansel Pettiway alitia magazeti kwenye ndoo iliyopigiliwa nguzoni, akapuliza filimbi kidogo tu, kama anayepoza uji, macho yakiwa kwenye masikio ya nyumbu wake. Bibi Stroud, mzungu mwenye nyumba, akatokeza barazani. Ansel akavua kofia, akaondoa gari bila kumtazama, jasho likimtoka mgongoni na baridi yote ile.

Sheria ya posta ilitaka mpeleka barua apige filimbi kila afikapo kwenye sanduku, wenye nyumba wajue. Walioiandika hawakuwahi kuwa watu weusi wa Tennessee, ambako filimbi ya mweusi mbele ya mke wa mzungu ilikuwa kifo. Lakini asipopiga, angefukuzwa, na kazi hiyo ndiyo iliyomtoa yeye na mkewe Zilpha kwenye pamba ya mzee Stroud, walikolima nusu kwa nusu na nusu yao isionekane. Walikuwa wameapa kutorudi.

Kwenye kivuko cha kijito, jua likiwa bado liko juu, wanaume watatu walikuwa wakimngoja, wamejivika vichwani magunia ya unga yaliyotobolewa macho.

"Shuka, boi."

Ansel akasema mzigo huu ni wa serikali. Mmoja akacheka, akamfyatulia nyumbu risasi ya sikio. Mnyama akaanguka akiwa bado amefungwa garini, akirusha mateke, gari likainama. Wakamburuta Ansel kwa ukosi hadi matopeni, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akatapika. Barua hawakuzigusa. Serikali waliiogopa, kwenye karatasi tu.

"Unawapigia filimbi wake zetu," akasema mfupi wao.

"Ni amri ya kazi, bwana."

"Haya, tupigie na sisi."

Wakamtia filimbi mdomoni. Akapuliza, afanyeje? Kitako cha bunduki kikaigongomea ndani. Meno ya mbele yakang'oka, bati likamchana ulimi. Alipokuwa akitema damu akamsikia yule mfupi akisema, "Mwongeze, bado anatutazama." Safari hii Ansel aliitambua sauti; aliijua tangu utoto. Ilikuwa ya Garland, mtoto wa mzee Stroud, ambaye alivua naye samaki kijitoni humo humo kabla hawajafundishwa nani ni nani.

Wakamwongeza, wakaondoka wakipiga soga.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi wa posta kutoka mjini. Akakalia kiti chao kimoja, akauliza kama Ansel aliwatambua. Zilpha akamfinya bega mumewe kwa nguvu. Kumtaja mzungu ni kuchomewa nyumba, na wote mle ndani walilijua hilo, mkaguzi akiwamo.

"Garland Stroud," Ansel akasema.

"Si walikuwa wamefunika nyuso? Umesema mwenyewe."

"Sauti naijua, bwana. Tumekua pamoja."

"Sauti haipelekwi mahakamani." Mkaguzi akafunika kalamu. Hakuwa mtu katili, hata alionekana kuona haya. Akaeleza kwamba kwa usalama wa wote njia hiyo ya barua itafungwa mpaka apatikane mtu anayekubalika na wananchi.

"Na mimi?"

"Wewe pumzika, Ansel. Umeumia."

"Tutakula hilo pumziko?" Zilpha akauliza. Mkaguzi akavaa kofia yake.

Nyumba haikuchomwa. Haikuhitajika. Majira ya kupanda yalipofika, Ansel na Zilpha walikuwa kwenye matuta ya mzee Stroud, jembe la Stroud, mbegu za Stroud. Njia ya barua ilikwisha kufunguliwa, na mchana mmoja gari la posta likasimama kando ya shamba. Aliyeshika hatamu, na kofia mpya ya kazi kichwani, alikuwa Garland.

Akanyoosha barua. Ilikuwa ya binti yao aliyekuwa shuleni Nashville. Ansel akaja, akavua kofia, akainua mkono. Garland akaiachia ikaanguka mtaroni.

Ansel akainama akaiokota, akaifutia tope kwenye suruali.

"Hata shukrani hakuna?"

"Asante, bwana Garland."

Bila meno, maneno yalitoka na upepo mtupu. Garland akaweka kiganja sikioni, akitabasamu.

"Sikusikii, boi. Sema vizuri."

Wapanda pamba wengine wakasimamisha majembe na kutazama chini. Zilpha alikuwa mwisho wa tuta, mpini ameushika kwa mikono miwili. Ansel akamtazama mkewe, akatikisa kichwa taratibu.

Kisha akafungua kinywa, akasema tena.